Ngamia anacheua, basi mbona hayumo kundi moja na ng'ombe?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, Isiolo. Nilipofundisha makundi ya wanyama niliwaambia wanafunzi kuwa ngamia yuko kundi moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa kuwa wote wanacheua na wana kwato zilizogawanyika. Binti mmoja ambaye kwao wanafuga ngamia akasimama akasema ngamia hana kwato, ana kucha, na si jamaa ya ng'ombe hata kidogo. Wenzake wakacheka, mimi nikakosa la kujibu. Nani yuko sahihi? Na yule wa nundu mbili, pamoja na lama wa Amerika Kusini, wanaingia wapi?

Jibu: Mwalimu, mpe binti huyo alama zake. Wewe nawe hukutoka kapa, kwa sababu ngamia na ng'ombe wako kweli chini ya oda moja (yaani kundi kubwa linalobeba familia nyingi), Artiodactyla, ile ya wanyama wanaosimama kwa vidole vya jozi. Lakini ndani ya oda hiyo wamekaa mbalimbali mno. Kwa nasaba, ng'ombe yuko karibu zaidi na nyangumi kuliko alivyo karibu na ngamia. Najua hilo halimezeki kwa mara moja. Nitalifikia, ila kwanza tuangalie mguu, maana hapo ndipo mwanafunzi wako alipokushika.

Ng'ombe, mbuzi, swala na twiga hutembea kwa ncha za vidole viwili, na kila ncha imevikwa kwato ngumu inayobeba uzito wa mnyama. Ngamia ana vidole viwili pia, lakini hasimami kwa ncha. Vidole vyake vimelala, na chini yake pana wayo mpana, laini, wenye mafuta ndani, unaotanuka kila anapokanyaga. Kucha zake mbili zimekaa mbele tu, hazibebi kitu. Wapeleke watoto mahali penye vumbi wakaone wenyewe: mbuzi huacha vipande viwili vilivyochongoka, ngamia huacha duara pana lenye mpasuko mfupi kwa mbele. Mjerumani Johann Illiger alilitazama umbo hilo la wayo akawatengea ngamia kundi lao, Tylopoda, mwaka 1811. Kundi hilo lipo mpaka leo.

Ukipanda juu kutoka kwenye wayo utakuta tofauti nyingine ambayo wafugaji wanaiona kila siku bila kuitaja. Kwa ng'ombe, paja la nyuma limeshikamana na ubavu kwa ngozi hadi karibu na goti. Kwa ngamia, mguu uko huru tangu juu, ndiyo maana anaonekana kama amepandishwa juu ya milingoti. Uhuru huo unamwezesha kukunja miguu yote minne chini ya tumbo anapolala, huku kifua kikiegemea sugu nene. Akitembea huinua miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kulia kisha kushoto, na aliyempanda huyumba kama yumo ngalawani.

Kichwani, ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu. Ngamia mzima ana chonge juu na chini, na nyuma kidogo ya midomo ana jozi ya meno ya juu yaliyochongoka yakawa kama chonge za ziada. Dume aliyeumwa na hamu ya majike anaweza kumvunja mtu mkono kwa meno hayo, kwa hiyo usiende kuyahesabu bila mwenye mnyama kuwapo. Pembe hana, wala ndugu yake yeyote aliye hai hana.

Sasa tuje kwenye kucheua, maana ndiko ulikotegea hoja yako. Ngamia anacheua, hakuna ubishi. Anakula, anameza, kisha anajilaza kivulini na kurudisha chakula mdomoni akitafuna upya kwa kupitisha taya upande huu na upande ule. Ila tumbo linalofanya kazi hiyo si tumbo la ng'ombe. Ng'ombe ana vyumba vinne. Mtu yeyote aliyewahi kusafisha matumbo anaijua ile sehemu yenye kurasa kurasa, ambayo wengi huiita kitabu. Ukimchinja ngamia hutakiona kitabu cha namna hiyo. Tumbo lake lina sehemu tatu, ya tatu ikiwa ndefu mithili ya bomba, na katika ile ya kwanza kuna vijifuko vingi vyenye tezi ambavyo ng'ombe hana. Zamani watu waliviona vijifuko hivyo wakasema ndiyo matangi ya maji. Siyo. Na nunduni mna mafuta, si maji.

Maana yake ni kwamba kucheua kumetokea mara mbili, katika koo mbili tofauti, na kila ukoo ukajijengea mtambo wake. Mababu wa ngamia walijitenga na mababu wa ng'ombe zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, na dalili zote zinaonyesha kwamba wakati huo hakuna kati yao aliyekuwa akicheua. Majani ni chakula kigumu. Mnyama anayepata njia ya kuyachachusha tumboni na kuyatafuna tena hupata faida kubwa, kwa hiyo si ajabu njia hiyo kugunduliwa zaidi ya mara moja. Jambo hili napenda walimu walisisitize kuliko majina ya Kilatini: sifa iliyotokana na kazi inaweza kumhadaa mtazamaji, kwa sababu wanyama wasio wa ukoo mmoja wakifanya kazi moja huishia kufanana.

Basi tafuta sifa isiyotokana na kazi wala mazingira ya leo. Chukua damu. Chini ya hadubini, seli nyekundu za ng'ombe, za mbwa, zangu na zako ni za mviringo. Za ngamia zimerefuka, zina umbo la yai. Vitabu vingi husema zimekuwa hivyo ili damu ipite mishipani hata mnyama akiwa amekaukiwa maji, na pia zisipasuke akinywa makumi ya lita kwa mpigo. Inawezekana zinamsaidia hivyo. Lakini vikunya, jamaa ya lama anayeishi kwenye nyanda za milima ya Andes zenye baridi kali, mita 4,000 juu ya bahari, naye ana seli za umbo la yai. Lama anazo, alpaka anazo. Vikunya hana jangwa la mchanga la kuvuka, kwa hiyo damu hiyo ni urithi wa ukoo, iliyokuwapo kabla ngamia hajaliona jangwa la Uarabuni.

Urithi mwingine wa aina hiyo ulionekana Ubelgiji. Raymond Hamers na wenzake wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel walitangaza mwaka 1993 kwamba sehemu ya kingamwili za ngamia (protini za damu zinazokamata vijidudu vya maradhi) imepungukiwa na mnyororo mwepesi ambao kingamwili za mamalia wengine huwa nao. Lama wana kingamwili hizo pia, ng'ombe hana. Kwa kuwa kipande chake kinachoshika adui ni kidogo sana, wanasayansi wamekitumia kutengenezea dawa, na ya kwanza, caplacizumab ya kutibu ugonjwa wa nadra wa kuganda damu, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2018.

Kwa hiyo usijilaumu. Carl Linnaeus, baba wa mfumo huu wa majina mawili mawili, alifanya vilevile ulivyofanya. Katika toleo la kumi la Systema Naturae, mwaka 1758, alimtia ngamia katika oda aliyoiita Pecora, pamoja na ng'ombe, mbuzi, kondoo na kulungu, kwa sababu ya namna wanavyokula na umbo la miguu na meno yao. Twiga alimwandika kama aina ya kulungu. Lakini mzee huyo alipatia jambo moja kubwa: lama na alpaka aliwaita Camelus glama na Camelus pacos, yaani aliwahesabu kuwa ngamia. Wengine walikuja baadaye kuwapa jenasi zao, na Mwingereza John Edward Gray akaipa familia nzima jina la Camelidae mwaka 1821.

Tumrudie nyangumi. Hadi miaka ya 1990, mpangilio wa kawaida uliwaweka wacheuaji wa kweli, yaani ukoo wa ng'ombe, mbuzi, swala, twiga na kulungu, jirani na ngamia; nguruwe na kiboko wakakaa upande mwingine, na nyangumi akawa na oda yake peke yake. Kisha watafiti wa Japani wakachunguza vipande vya DNA ambavyo hujinakili na kujipachika ovyo ovyo katika vinasaba. Kipande kikishajipachika mahali fulani, vizazi vyote vinavyofuata hukirithi mahali palepale, na ni vigumu mno wanyama wawili kukipata hapohapo kwa bahati. Nyangumi, kiboko na wacheuaji walikutwa wanashiriki vipande ambavyo ngamia na nguruwe hawana. Nyangumi na kiboko wakawa na vingine vya kwao wawili tu. Mwaka 2001 mifupa ikatoa ushahidi wake: nyangumi wa kale waliofukuliwa Pakistan, waliokuwa bado na miguu, walikuwa na mfupa wa kifundo wenye umbo la roda juu na chini. Umbo hilo la roda mbili ni alama ya Artiodactyla. Ngamia anao mfupa huo, mbuzi anao, nguruwe anao. Ukichinja mbuzi nyumbani, utoe, uuchemshe, uende nao darasani.

Ukichora mti wa nasaba leo, tawi la kwanza kuachana na shina la Artiodactyla ni la ngamia. Linafuata la nguruwe. Baada ya hapo shina linagawanyika: huku wacheuaji, kule kiboko na nyangumi. Ndiyo sababu nikasema ng'ombe ana undugu wa karibu zaidi na nyangumi, na hata na nguruwe, kuliko na ngamia.

Sasa wanafamilia wenyewe. Walio hai wanahesabiwa kuwa saba, watatu wa Asia na Afrika na wanne wa Amerika Kusini.

Ngamia wa nundu moja, Camelus dromedarius, ndiye wa kwenu. Alifugwa kwa mara ya kwanza Bara Arabu, yapata miaka 3,000 iliyopita, na mababu zake wa mwituni wametoweka wote. Wale wanaozurura Australia bila mwenyewe ni wajukuu wa ngamia waliopelekwa na meli karne ya 19, hivyo wasikuchanganye.

Ngamia wa nundu mbili anayefugwa, Camelus bactrianus, ni wa Asia ya Kati, kule baridi inakoshuka chini ya sifuri kwa miezi. Huyu na wa nundu moja ni spishi mbili zilizoachana miaka milioni kadhaa iliyopita, ila wanazaana, na watoto wao wanaweza kuzaa. Kazakhstan na Uturuki wamewachanganya kwa makusudi tangu zamani, maana chotara wa kizazi cha kwanza huwa mkubwa na mwenye nguvu kuwashinda wazazi wake. Kwa kawaida huwa na nundu moja ndefu, wakati mwingine yenye bonde dogo katikati. Mafakihi wa Kiislamu waliliona hili mapema: katika zaka, ngamia wa Kiarabu na wa nundu mbili huhesabiwa pamoja kuwa jinsi moja, lakini ngamia na ng'ombe hawachanganywi, kila mmoja ana kiwango chake, watano kwa ngamia na thelathini kwa ng'ombe. Hesabu hiyo ni ya sheria, haikukusudiwa kuwa bayolojia, ingawa kwenye jambo hili imekaa vizuri.

Wa tatu ndiye anayestahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Ni ngamia wa mwituni wa nundu mbili, Camelus ferus, aliyepewa jina na Mrusi Nikolai Przewalski mwaka 1878. Kwa muda mrefu watu walidhani ndiye mzazi wa yule wa kufugwa, au ni wa kufugwa waliotoroka. Vinasaba vimekataa yote mawili. Koo hizo mbili ziliachana muda mrefu sana kabla binadamu hajafuga mnyama yeyote. Huyu wa mwituni ni mwembamba, nundu zake ni ndogo na zimesimama wima, na anaweza kunywa maji ya chumvi ambayo wa kufugwa huyakataa. Anaishi Gobi ya Mongolia na kaskazini magharibi mwa China, likiwemo eneo la Lop Nur ambako China ilifanyia majaribio ya mabomu ya nyuklia, na bado akasalia. Idadi yake inakadiriwa kuwa karibu elfu moja. Hatari inayomkabili kutoka kwa ngamia wa kufugwa ni kupandana nao, maana damu ya kigeni ikiingia kidogo kidogo, spishi hiyo itakwisha bila risasi kulia.

Wa Amerika Kusini ni guanako na vikunya, ambao ni wa mwituni, na lama na alpaka, ambao wanafugwa. Hawana nundu. Lama alitokana na guanako, hilo halikusumbua sana. Alpaka ndiye aliyezua mgogoro: kwa miongo mingi aliandikwa Lama pacos kana kwamba naye ni mtoto wa guanako. Jane Wheeler, aliyefanya kazi Peru, aliyatazama meno. Ya mbele ya vikunya hayaachi kukua, na yana enameli upande wa mbele tu. Ya alpaka yanakaribia hayo kuliko ya guanako. Mwaka 2001 yeye na wenzake wakatoa ushahidi wa vinasaba kwamba alpaka ni wa ukoo wa vikunya, na jina likabadilishwa kuwa Vicugna pacos. Hata hivyo damu ya lama imo ndani ya alpaka wengi, kwa sababu baada ya Wahispania kuivamia dola ya Inka mwaka 1532, mpango wa ufugaji ulivurugika na mifugo ikachanganyika. Wapo wanaotaka wote wanne wawe jenasi moja, Lama, kwa kuwa wanazaana bila shida. Mimi siwaungi mkono. Kigezo hicho kikishikwa hivyo kitameza spishi nyingi zinazojulikana wazi, na vikunya na guanako wana historia ndefu ya kila mmoja kivyake.

Kama mwanafunzi atauliza iwapo lama ni ngamia kweli, jibu lilizaliwa Dubai Januari 1998. Katika kituo cha uzazi wa ngamia cha huko, mbegu za dume wa nundu moja zilipandikizwa kwa guanako jike, na akazaliwa chotara aliyeitwa Rama. Hakuwa na nundu, alikuwa na masikio mafupi na mkia mrefu wa ngamia. Ilibidi kupandikiza kwa sababu baba ana uzito wa mara kadhaa kuliko mama. Koo hizo mbili zimeachana zaidi ya miaka milioni 10, lakini idadi ya kromosomu haijabadilika: wote saba wana 74. Ng'ombe ana 60, nguruwe wa kufugwa 38.

Wanawezaje kuwa ndugu ngamia wa Isiolo na lama wa Andes? Ni kwa sababu familia hii haikuanzia Uarabuni wala Afrika. Ilianzia Amerika Kaskazini, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, ikiwa na wanyama wadogo. Poebrotherium, aliyeishi yapata miaka milioni 35 iliyopita katika eneo ambalo sasa ni Marekani, alikuwa na kimo cha mbuzi. Huko walistawi, wakagawanyika, wengine wakarefuka shingo karibu kama twiga. Kundi moja likavuka kuingia Asia miaka milioni 6 au 7 iliyopita, pale nchi kavu ilipounganisha Alaska na Siberia. Lingine likashuka kusini baada ya Panama kuunganisha mabara mawili. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada walitangaza vipande vya mfupa wa muundi wa ngamia mkubwa kutoka kisiwa cha Ellesmere, karibu na Ncha ya Kaskazini, wenye miaka milioni 3.5. Huyo aliishi msituni, kwenye theluji na usiku wa miezi kadhaa, na ndipo watafiti wakapendekeza kwamba nundu na nyayo pana huenda zilianza kama zana za baridi kabla ya kufaa jangwani. Kule walikotokea, wa mwisho walikufa mwishoni mwa Enzi ya Barafu.

Afrika Mashariki ina sehemu yake pia. Visukuku vya ngamia vimepatikana Olduvai nchini Tanzania, kaskazini mwa Kenya, na Bonde la Omo nchini Ethiopia, vingine vikiwa na umri wa zaidi ya miaka milioni. Hao si mababu wa ngamia wa Isiolo. Walitoweka, na hawa wa sasa wakaletwa baadaye sana wakiwa tayari wamefugwa.

Ubaoni andika hivi: oda Artiodactyla, oda ndogo Tylopoda, familia Camelidae, jenasi Camelus, spishi dromedarius. Ng'ombe mwandikie oda ileile, kisha Ruminantia, Bovidae, Bos, taurus, na wanafunzi wataona wenyewe njia zinapoachana. Kuhusu ngamia wa Kisomali, Kirendille, Kigabra na Kiturkana, ambao najua watatajwa darasani: hizo ni mbegu za spishi moja. Wa Kisomali ni mkubwa na ana maziwa mengi, wa Kiturkana ni mdogo na mvumilivu wa shida, lakini kwenye mpangilio huu wote wanakaa mstari mmoja.